Jina Chini ya Chokaa

Mdogo wangu wa kiume alitaka ukuta uonekane mkongwe lakini usionekane umechakaa. Ndivyo alivyoniambia kwenye simu, nami nikamuuliza kama na mimi ananitaka hivyo hivyo, maana kwa umri wangu huu kila nikijitazama kwenye kioo nashindwa kujua nimeangukia upande gani. Akacheka. Yeye kwa kucheka hajambo. Alikuwa na mpango wa kuligeuza duka la zamani la mama, kule Ruwi mjini Maskati, liwe mgahawa wa kahawa, hii migahawa ya vijana yenye viti vya mbao vilivyokwanguliwa makusudi vionekane vya babu wa mtu. Na ubavuni mwa jengo lile lipo tangazo la duka, limechorwa ukutani kwa mkono, kubwa, la miaka mingi. Hilo hakutaka liguswe ila chini ya macho ya mtu anayelijua. Anayelijua ni mimi.

Nililijua kweli. Ukipita nyuma ya barabara kubwa ya Ruwi, kwenye majengo ya ghorofa mbili tatu yaliyojengwa wakati watu wetu wa Unguja wanarudi Omani kwa makundi, bado utayaona matangazo ya namna ile. Liko la samli lililobaki mkebe tu. Liko la majani ya chai lililobaki mkono umeshika kikombe, mwenye mkono kafutika zamani. La kwetu lilikuwa na cherehani nyeusi iliyochorwa na mtu ambaye hajapata kushona, sindano kaiweka upande usio wake, na gauni jekundu ambalo jua lililila mpaka likawa waridi, kisha likawa halina rangi ya kusemeka. Juu yake, kwa herufi za Kiarabu, maneno haya: Ushoni wa Umm, yaani Mama, halafu jina la mdogo wangu. Majina sitoi. Yaliyokwishatolewa ukutani yanatosha.

Labda nieleze, maana si kila msomaji katoka kwetu. Mwanamke wa heshima hapa jina lake halitajwi ovyo barabarani, sembuse kuandikwa ukutani. Huitwa kwa mtoto wake. Kule Unguja tulikotoka ni hivyo hivyo, ila kule mtoto wa kwanza akiwa wa kike basi ndiye, utakuwa Mama wa huyo msichana mpaka unazikwa. Huku Maskati akishazaliwa wa kiume, mara nyingi jina humhamia yeye, na mama anakuwa Umm wa mwanawe wa kiume. Hakuna ugomvi, hakuna kikao. Watu wanabadilisha tu mdomo.

Mimi ndiye wa kwanza. Wazazi wangu walipokuja Maskati waliniacha kwa bibi, Unguja, kwa sababu mambo ya safari yalikuwa hayajakaa sawa na mimi bado kitoto. Walisema watanichukua wakishapata pa kulala. Nilikaa kwa bibi mpaka nikaanza skuli, mpaka meno ya mbele yakang'oka. Kila mgeni akitoka Omani nilikuwa namuuliza habari za Mama, nikitaja na jina langu nyuma yake, Mama fulani, kwa sababu mtaa mzima walimwita hivyo, na mimi niliona fahari. Nilikuwa mtoto wa kuachwa, lakini mama yangu kule aliko alikuwa amelichukua jina langu. Ndivyo nilivyojiliwaza, na ilikuwa inanitosha.

Siku niliyofika, pale uwanja wa ndege wa Sib, mama alikuja kunipokea na wanawake wawili majirani. Kambeba mtoto. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Wale wanawake wakasema kwa Kiarabu, ambacho mimi nilikuwa sikijui ila maneno ya kuombea dua, wakamwita Umm, na jina ambalo sijapata kulisikia. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo wanayemwita. Hakuna mtu. Alikuwa ni mama yangu, na jina lilikuwa la yule kitoto mkononi. Nilikasirika palepale, nikagoma kuingia garini, baba akanibeba nnapiga mateke. Hilo wanalisimulia mpaka leo kwa kicheko, na mimi hucheka pamoja nao.

Hadithi ya nyumbani ilikuwa fupi na ikirudiwa kila mgeni akija. Wazazi walifika hawana kitu, baba kibarua bandarini, mama akishonea watu chumbani. Ndipo akazaliwa mdogo wangu, na kabla arubaini haijatoka duka likapatikana. Kaja na riziki yake, alikuwa akisema mama, na huku anampapasa kichwa. Mtoto yule alikuwa hawezi kukohoa bila mtu kukumbushwa kwamba duka ni lake. Alipokuwa mtundu, duka ni lake. Aliposhindwa hesabu, mwacheni, duka si lipo. Mimi nilipofika darasa la nane mama macho yalianza kumsumbua, akaniomba nimshikie duka kidogo. "Unamshikia ndugu yako," akanambia, na mimi sikuona ubaya wowote. Skuli niliiacha hivyo hivyo, bila mtu kusema nimeiacha. Yeye akaenda kusoma nje akarudi mhandisi, mashallah, na mimi bado nnamshikia.

Nilishona pale mpaka vidole vikapinda. Niliolewa nikishona, nikazaa nikishona, nikafiwa na mume nikashona. Na lile tangazo nililitunza mwenyewe. Kila ikikaribia Idi nilikuwa natoka na ndoo ya maji na kitambaa, nasimama juu ya kiti, nafuta vumbi kwenye cherehani na kwenye gauni hadi pale mkono unapofika. Maandishi yalikuwa juu, sikuyafikia. Nilikuwa nayatazama tu. Nikiona fahari, ndiyo, mjinga mie, kwa jina lile la mdogo wangu.

Baba alipofariki na mirathi ikagawiwa, fungu langu la jengo nililiacha. Hapa kwetu dada wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewalazimisha, ila huwa anatokea mtu akasema neno. Kwangu mimi aliyesema ni mama. Alikuwa ndani ya eda, kakaa na kanga yake nyeupe, akanambia duka lilikuja na ndugu yako, tangu ukutani ni lake, usije ukamgawanyia mwenzio ukuta. Nikasema hewala. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa na sikulijutia. Nnalisema hili ili ieleweke kwamba sikuanza mambo haya na kinyongo.

Basi mdogo wangu aliponipigia simu, nikatafuta mtu wa rangi. Jirani yangu wa Khuwair ya Kusini alinipa Mkenya mmoja, mtu mzima, mpole, anayepaka rangi majumba ya watu na kuimba kanisani siku ya Ijumaa, kwa sababu hapa Ijumaa ndiyo siku yao ya kupumzika na wao. Nikamweleza kazi: osha taratibu, usisugue, tuone kilichobaki, halafu maneno uyapitie kwa brashi ndogo yasomeke, lakini yasing'ae. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, sasa madam, unataka ionekane mpya ama ya zamani? Nikamwambia hilo swali ampelekee mdogo wangu kwake Azaiba, akapate kuchekewa.

Ilikuwa asubuhi ya miezi ya baridi, jua la Maskati lina huruma kidogo. Mimi niko chini kwenye kiti cha plastiki na chupa yangu ya chai, yeye yuko juu ya ngazi na sifongo. Alianza na gauni, akaja kwenye cherehani, nikamwonyesha sindano ilivyokosewa, akaniuliza aihamishe, nikamwambia thubutu. Halafu akapanda kwenye maandishi. Alipoweka maji kwenye jina la mdogo wangu, jina likaanza kubanduka. Chokaa ilikuwa inatoka vipande vipande na herufi juu yake, kama ganda la yai la kuchemsha.

Nikampandishia sauti. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, maana yule bwana hana kosa. Nilimwambia teremka, umeniharibia, nitamwambia nini mwenye nyumba. Hakuteremka. Akasubiri nimalize, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Madam, hebu kuja uone. Hapa chini kuna ingine."

Kulikuwa na rangi ya bluu. Rangi ya mafuta, ile ngumu ya zamani, imekaa ukutani kama imepakwa juzi, kwa sababu chokaa iliifunika na jua halikuipata. Neno Umm lilikuwa lile lile, hilo hawakuligusa. Kilichofunikwa ni jina tu. Nikasoma herufi ya kwanza nikajiambia majina yanayoanza hivi ni mengi. Akaosha mbele kidogo. Nikasimama. Akaosha tena, na mimi nikaweka kikombe chini kwa sababu chai ilikuwa inanimwagikia mkononi na nilikuwa sisikii.

Lilikuwa jina langu. Lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na refu kuliko la mdogo wangu. Nikafahamu kumbe ndiyo maana miaka yote ile mbele ya jina lake kulikuwa na kipande cheupe kitupu ambacho nilidhani mchoraji kakosea vipimo.

Wallahi, kwanza nilifurahi. Nataka niliseme hili kabla ya mengine. Nilifurahi kitoto, moyo ukanirukaruka. Nikawaona wazazi wangu, vijana, hawana kitu, katika mji wasioujua, wanamwambia Mhindi wa kuchora matangazo aandike jina la msichana wao aliyebaki Unguja. Na mimi kule kwa bibi nikidhani nimesahauliwa, kumbe nimeandikwa ukutani kwa herufi za kuonekana toka barabarani. Nilitamani kumpigia mtu simu. Nikatafuta simu kwenye mkoba. Na nikiwa nnaitafuta ndipo akili ikanirudia kidogo kidogo. Ikiwa jina langu lilikuwepo kwanza, basi duka lilikuwepo kwanza. Lilikuwepo kabla ya mdogo wangu. Hakuja na duka. Hakuja na riziki yoyote mkononi. Na mama analijua hilo, na baba alilijua, na kila siku ya maisha yangu nimekuwa nikisimuliwa jambo ambalo mwenye kunisimulia anajua si kweli.

Nikamwambia yule bwana asiguse tena mpaka nimwite. Akaniuliza ni jina la nani. Nikamwambia la mtu.

Mama anakaa na mimi. Tangu macho yalipomzidi na miguu ikawa mizito, alichagua kukaa kwangu. Kwa mdogo wangu huenda kutembea, akasifu nyumba, akarudi jioni. Siku ile nilimkuta anataka kutiwa hina. Nikakoroga hina, nikamtandikia taulo mabegani, nikaanza kumpaka kichwani. Mtu mwenye hina kichwani hawezi kuinuka akaenda zake, na mimi, niseme kweli, hilo nililihesabu.

Nikamwambia chokaa imebanduka. Akauliza chokaa gani. Nikamwambia ya ukutani, ya duka, na chini yake kuna jina langu. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso. Niliona shingo tu, na shingo ilikaza. Nikadhani atajifanya kasinzia, maana hilo nalo analiweza. Halafu akasema, "Bado lipo?"

Nikamwambia lipo, bluu.

Akanieleza, na kwa kweli siku ile hakunificha. Duka walilipata karibu miaka miwili kabla ya mdogo wangu kuzaliwa. Baba ndiye aliyetaka jina langu, alikuwa ananililia, akasema mtoto akija aone kuwa tulikuwa tunamngoja. Yeye mama naye alipenda. Lakini wateja walikuwa wanawake wa hapa, na kila anayeingia akiuliza Umm nani, akatajiwa jina la msichana, alikuwa anamwombea.

"Wakinambia, Mungu atakupa wa kiume," mama akasema. "Hawasemi kwa ubaya, mwanangu. Wananishika mkono kabisa. Kila siku, kila mmoja. Nkachoka kuombewa dua."

Alipozaliwa mdogo wangu, siku ya akika yake, alimwita mchoraji mwenyewe, baba akiwa kazini. Baba aliporudi akakuta chokaa mbichi. Walinuniana. Halafu nilipokuwa nakaribia kuletwa, baba alitaka kunihadithia, na mama ndiye aliyemkataza, kwa sababu mtoto ataumia bure. Bora asijue lilikuwepo, alisema. Na hadithi ya riziki ikaanza hivyo, kwa wageni kwanza, ili pasiwe na mtu wa kuuliza maswali. Baadaye ikawa imeshasemwa mno, haiwezi kurudishwa.

Nikamuuliza, na lile neno la kwenye eda? La usimgawanyie mwenzio ukuta? Akainamisha kichwa. Hina ilianza kumdondoka sikioni, nikaifuta.

Nilikuwa na hasira, na bado nnampaka taratibu, maana ni mama. Nilimwambia sitaki duka. Nilimwambia sitaki jengo, sitaki fungu, mdogo wangu afungue kahawa zake apate baraka. Nilichotaka ni kitu kimoja. Ijumaa tutakwenda wote kuuona ukuta, na mdogo wangu atauliza, maana atauliza tu, na yeye mama amwambie kwa mdomo wake kwamba duka lilifunguliwa kwa jina la dada yako. Maneno hayo tu. Ayasikie kwake, si kwangu. Nikamwambia maisha yangu yote nimemshikia mtu kitu ambacho kilianza kuwa changu, nataka mtu mmoja aliyekuwepo aseme hivyo mbele yake.

"Nitasema," mama akajibu. Akautafuta mkono wangu wenye hina akaushika hivyo hivyo. "Wewe ndiye uliyenifanya mama. Nitasema."

Siku zile mpaka Ijumaa nilikuwa mwepesi. Hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa na pa kwenda. Nilimpikia mama biskuti za kukaanga anazozipenda. Nilikwenda kununua mchele nikajikuta nnamhadithia muuza duka habari za mvua. Nikajiuliza hata nitalia au nitacheka mdogo wangu atakaponiangalia. Nilidhani atanikumbatia, ni mtu wa kukumbatia.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda. Nilimvika mama buibui lake jipya, nikamkalisha mbele. Mdogo wangu tulimkuta keshafika, kanzu nyeupe imenyooka, kofia kichwani, anazunguka anapiga picha mlango. Yule bwana wa rangi nilimwomba aje baada ya ibada yake, akaja, kasimama pembeni na ndoo zake. Nikamteremsha mama. Kwa sababu ya miguu akaniegemea mkono wa kushoto, uzito wake wote, tukaenda hatua ndogo ndogo mpaka ubavuni.

Mdogo wangu alisimama akatazama. Midomo ikawa inasoma. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mbona hili jina la dada," akasema.

Hapakuwa na ubaya kwenye sauti yake, alishangaa tu. Namjua, nimemlea. Akageuka kwa mama akamuuliza kama duka lilikuwa na jina la dada kwanza, kabla ya lake. Akauliza vizuri, kwa upole, ile sauti yake ya kumwonea mama huruma. Na mimi nikahisi mkono wa mama unanibana, nikajua sasa.

Mama alimtazama yeye. Hakuutazama ukuta. Macho yake hayaoni sana, lakini uso wa mwanawe wa kiume anauona, na sijui aliona nini usoni pale. Labda aliona mtu mzima mwenye mvi aliyelelewa kwa hadithi moja.

"Sikumbuki, baba," akasema. "Labda ni wale waliokuwepo kabla yetu."

Mdogo wangu akasema lakini jina ndilo lenyewe. Mama akasema majina yanafanana.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwinamia, nikamwita, nikamwambia mama, mweleze. Akaendelea kumtazama mwanawe. Akasema jua kali, miguu inamuuma, kwani kutazama ukuta kuna kazi gani. Na ule mkono bado kaniegemea. Nilitaka kuuchomoa. Naapa nilitaka. Kichwani nilikuwa nishauchomoa na nishapiga kelele mtaa mzima ukatoka, na mimi kwa kelele najulikana. Lakini nikiuchomoa ataanguka, na hilo alilijua, ndiyo maana alikuwa kautupa uzito wote.

Mdogo wangu akanigeukia mimi. Akaniuliza, dada, wewe unajua lolote? Ningeweza kumwambia. Ningemwambia hina, na akika, na chokaa mbichi, angeniamini. Ila ningekuwa nnamwambia mimi, na mama kasimama hapo anakataa, na yeye angelazimika kuchagua nani mwongo kati yetu mbele ya mtu wa rangi. Nilichokitaka kilikuwa kwenye kinywa cha mama tu, hakikuwa mahali pengine popote duniani. Nikamwambia, muulize mama. Akasema nimeshamuuliza. Nikasema basi.

Yule bwana alikohoa kidogo. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyemwajiri, "Sasa madam, hii niiwache ama niifunike?"

Kabla sijafungua mdomo mama akamjibu. Alikuwa hajawahi kumwona mtu yule, na alikuwa hata hajamsalimia.

"Funika, mwanangu," akamwambia. "Funika, uandike la zamani."

Akafunika. Mdogo wangu alimwonyesha kwenye simu picha ya zamani ya jina lake ili alifuate, na yule bwana akafungua ndoo ya chokaa. Alinitazama mara moja, nikatazama barabarani. Nilimrudisha mama garini, nikamfunga mkanda, nikawasha kipoza hewa kimwelekee usoni anavyopenda. Njiani, kwenye mzunguko wa Khuwair, akaniuliza kama nyumbani kuna mkate. Nikamwambia upo.

Watu wataniuliza kwa nini sikusema naye tena. Nilisema. Nilimuuliza jioni ile ile, kwa adabu, mlango umefungwa, kwa nini. Akanambia yule hawezi kuhimili, wewe unaweza. Ndivyo alivyoniona siku zote. Kwa sababu naweza kubeba, basi nibebeshwe, na anayenibebesha ni yule yule ninayembeba. Nimelia, sikatai. Nimelia jikoni kama yule mtoto wa uwanja wa ndege, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Mgahawa ulifunguliwa. Watu wanapiga picha mbele ya ukuta. Mama yuko na mimi bado, namwogesha, namlisha, namtia hina. Sijamvunjia heshima na sitamvunjia. Asubuhi iliyofuata ile Ijumaa nilimpelekea dawa na maji kitandani kama kawaida, alikuwa kageukia ukutani, na badala ya kumwita mama nikamwita kama wanavyomwita majirani wote, Umm, na jina la mdogo wangu.

Akageuka, akanitazama. Nilisimama na sinia, nikimngoja anambie mimi siyo wa kumwita hivyo.

"Naam," akaitika, akanyoosha mkono apewe dawa.